Elimu bila ada, mbona bado nadaiwa debe la mahindi?

SWALI: Mimi ni mkulima wa tumbaku hapa Urambo, na nina biashara kidogo ya kenta. Wanangu wakubwa walishamaliza, mdogo anasoma shule ya binafsi Tabora mjini. Juzi mtendaji wa kijiji alipita na daftari: kila kaya itoe debe la mahindi na kilo sita za maharage kwa chakula cha shule ya msingi, shilingi 10,000 ya mpishi, na siku mbili za kufyatua tofali za darasa jipya. Nilipomwuliza si tuliambiwa elimu ni bila ada, akasema hayo ni makubaliano ya kijiji. Mimi sijasomewa makubaliano yoyote. Je, ni halali? Mtu asiye na mtoto pale anachangia kwa lipi? Na nikikubali, naweza kutoa kenta ibebe mchanga badala ya kukanyaga udongo kwa umri wangu huu?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na lile daftari, maana naona ndilo lililokukera kuliko mahindi yenyewe.

Ada na michango ya lazima vilifutwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ukaanza kutumika Januari 2016, kuanzia awali hadi kidato cha nne. Mwaka huohuo wa 2016 ukatoka Waraka Namba 3 uliogawa majukumu: serikali inabeba nini, mzazi anabeba nini, jamii inabeba nini. Sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto anayesoma kutwa viliachwa kwa mzazi. Kisha Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, na walimu wakaambiwa wasishike hela ya mzazi. Mwenye moyo wa kuchangia apitie kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kutokana na hayo yote, jambo moja halina mjadala: hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu baba yake hajatoa debe. Ukisikia limetokea kijijini kwenu, usilinyamazie.

Sasa hayo makubaliano. Mchango wa kijiji huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, ule wa watu wazima wote. Halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kujifungia na kuamua peke yake, wala mtendaji na mwalimu mkuu hawawezi kukubaliana wawili. Uamuzi ukishapita unaandikwa kwenye muhtasari. Kijiji kikitaka mchango uwe wa lazima, wenye faini, kinahitaji sheria ndogo iliyopitishwa na baraza la madiwani. Kwa hiyo nenda ofisini, omba kuona muhtasari wa mkutano huo. Upo? Soma tarehe na waliohudhuria. Haupo? Basi mtendaji ana daftari tu, na daftari halidai mtu.

Hata muhtasari ukiwepo, mimi ningeutenganisha mchango huo mafungu mawili. Chakula ni cha mzazi mwenye mtoto pale. Wewe ambaye mwanao anakula Tabora mjini, hilo debe ni hiari yako, na mtendaji aliyekuandikia sawasawa na jirani mwenye wanafunzi wanne amefanya kazi ya haraka. Darasa ni suala jingine. Darasa ni mali ya kijiji, litabaki hapo wewe na mimi tukiwa hatupo, na watakaoingia humo ni watoto wa kila mtu, hata wajukuu zako.

Lakini kabla hujalifuta hilo debe, tulipigie hesabu, maana nadhani hakuna aliyekupigia. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Debe la mahindi makavu ni kilo 17 au 18 hivi. Ukigawa, mtoto mmoja anapata kama gramu 90 za mahindi kwa siku, na kilo sita za maharage zinampa gramu 30. Hiyo ni sahani ya makande, tena ya wastani. Kumbe debe moja ni mtoto mmoja, mwaka mzima. Aliyepanga kiwango hicho alijua anachofanya. Aliyekosea ni yule aliyekisambaza kwa kaya badala ya kwa mtoto.

Na hiyo sahani ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nimefanya kazi ya elimu vijijini Tabora na Kigoma, na shule isiyo na chakula unaijua kabla hujaingia ofisini. Kengele ya saa nne ikilia, watoto wa karibu wanakimbia nyumbani, na baadhi yao ndiyo hawarudi tena. Wa mbali, waliotembea kilomita nne tano alfajiri, wanabaki chini ya mwembe. Msimu wa maembe wanarusha mawe juu, wanarudi darasani midomo imebabuka kwa utomvu. Machi maembe hakuna, wanakaa tu. Mwalimu mzoefu anajua, anaweka hesabu vipindi vya mwanzo, na baada ya saa sita anafundisha vitu vyepesi kwa sababu nusu ya darasa wamelaza vichwa kwenye madawati. Hapo hata umlete mwalimu bora kuliko wote nchini, na vitabu vipya vya mwalimu na mwanafunzi, utakuwa unamfundishia mtoto ambaye hayupo.

Kwa nini serikali isilipe? Tazama ruzuku. Kiwango kilichowekwa tangu mpango huu uanze ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hukatwa juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo inaingia akaunti ya shule, kidogo kidogo kila mwezi. Shule ya watoto 800 inapata laki nne kwa mwezi. Humo itoke chaki, karatasi za mitihani, kufuli lililovunjwa, bati lililoezuliwa na upepo, mpira wa michezo. Ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo chakula hakiwezi kutoka humo, ndiyo maana kiliachwa kwa mzazi.

Halafu kuna suala la lini mnakusanya. Hili linaniudhi, kwa sababu ni kosa la bure na linarudiwa kila mwaka. Mvua ya kwenu ni moja, Novemba hadi Aprili, na mahindi yanaingia ghalani Mei na Juni. Kijiji kinachokusanya Juni kinapata mahindi. Kijiji kinachosubiri shule zifunguliwe Januari ndipo kipite na daftari, kinamkuta mkulima ghala limebaki vumbi, bei imepanda, na mbolea hajamaliza kulipa. Hapo ndipo vinazuka visingizio, tena vingine ni vya kweli. Ya mpishi nayo ingengoja malipo ya tumbaku, siyo kudaiwa wakati mkulima anaishi kwa mkopo wa pembejeo. Tena mkikusanya Juni jipangeni kuhifadhi: mifuko isiyopitisha hewa, stoo yenye sakafu ya saruji na funguo mbili. Nyie watu wa Tabora msisahau kwamba dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, yule mliyembatiza jina la Scania, Afrika nzima alianza kuonekana kwenu. Gunia la shule analila kama la mtu binafsi.

Sasa nije kwa swali lako la msingi, la mtu asiye na mtoto pale.

Wengi watakujibu kwamba shule ni yetu sote, ndipo mnapopigia kura, ndipo chanjo inapotolewa. Ni kweli, ila sidhani kama kuna aliyewahi kutoa debe kwa sababu ya kituo cha kupigia kura. Mimi nitakupeleka kwenye chama chenu cha msingi cha ushirika wa tumbaku. Karani anayeandika kilo za mtumba wako wa tumbaku sokoni, mjumbe wa bodi anayesaini mkataba wa pembejeo kwa niaba yenu, kijana anayepaswa kusoma makato kwenye hati yako ya malipo na kusema hapa pamezidi: hao hawasomi shule za binafsi za mjini. Wamesoma hapo kijijini. Mwanao wa mjini ana uwezekano mkubwa wa kubaki hukohuko. Watakaobaki kukuandikia mali yako ni hao wanaolaza vichwa kwenye madawati saa sita mchana.

Halafu kuna mwalimu. Hapa ndipo naona jamii inafanya kitu ambacho fedha ya serikali peke yake imeshindwa. Mwalimu mpya, mara nyingi binti wa miaka ishirini na kitu kutoka mkoa wa mbali, anashuka kwenye bodaboda na begi lake. Nyumba ya mwalimu ipo moja, anakaa mwalimu mkuu. Anaambiwa akapange kijijini. Chumba kinachopatikana hakina dari, choo ni cha majirani, maji ni kilomita mbili. Mwezi wa tatu anaanza kuandika barua za uhamisho, na zikikataliwa anaumwa kila Ijumaa na Jumatatu. Niliona kijiji kimoja kikifanya jambo dogo tu: wazee walimtafutia chumba kwenye nyumba ya mama mjane mwenye heshima, wakatengeneza choo na bafu, na kijana wa kuchota maji akalipwa na kamati. Halikugharimu hata nusu ya thamani ya darasa. Shule ya jirani ilikuwa na nyumba mpya ya walimu, lakini walimu walikuwa wanaonekana kijijini kama watoza kodi. Mwalimu hakai kwa sababu ya tofali peke yake. Anakaa akiona anajulikana kwa jina, akifiwa watu wanakuja.

Na kuna mahudhurio. Wewe ni mkulima wa tumbaku, hili unalijua kuliko mimi. Februari na Machi, majani yanachumwa na mabani ya kukaushia tumbaku yanawaka, mtoto wa darasa la tano anaonekana shuleni siku mbili kwa wiki. Mwalimu anaandika utoro kwenye mahudhurio, basi. Hawezi kwenda bani kwa bani, na akienda ataambiwa huyu mtoto ni mgonjwa. Mwenyekiti wa kitongoji hawezi kudanganywa hivyo, maana anajua nani yuko bani la nani, na moto umewashwa lini. Vijiji vilivyoamua kwenye mkutano kwamba mtoto haonekani shambani kabla ya saa nane, wakapeana majina hadharani, vilipata kitu ambacho waraka wa wizara haujawahi kuleta. Tena aliyeanza kuheshimu hilo mara nyingi alikuwa mkulima mkubwa asiye na mtoto pale, mtu kama wewe, aliyekataa kuajiri watoto wa wenzake kwenye bani lake. Mchango wa namna hiyo hauna daftari.

Upande wa Kigoma mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Kando ya ziwa, wilaya ya Uvinza na Kigoma vijijini, ukiitisha mkutano wa wazazi usiku wa giza umepoteza muda wako, wanaume wote wako majini na taa wanavua dagaa. Walimu wakuu wenye akili wanaangalia mwezi: mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika, ndipo barua ya mwito inatoka. Huko Kasulu, Buhigwe, Kibondo, mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa anajua Kiha tu, na mwalimu anaongea Kiswahili. Mpango wa utayari wa kuanza shule, ulioendeshwa chini ya EQUIP-Tanzania, mradi wa elimu uliofadhiliwa na Uingereza, kuanzia katikati ya miaka ya 2010, ulitumia wanakijiji wenyewe kufundisha watoto hao wiki kadhaa kabla ya kuanza shule, kwa hadithi na michezo, karibu na nyumbani. Kijana wa kijiji aliyeijua lugha ya mama zao alifanya kazi ambayo mwalimu mwenye stashahada kutoka mbali asingeiweza.

Usidhani haya nayasema kwa kuipenda jamii tu. Kuna utafiti mmoja mkubwa uliofanyika hapa nchini mwaka 2013 na 2014, katika shule za msingi 350 za umma kwenye wilaya 10. Shule nyingine zilipewa ruzuku kamili ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Nyingine walimu waliahidiwa bahashishi kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Nyingine zikapewa vyote viwili. Shule zilizopewa fedha peke yake, watoto hawakuonekana kujua zaidi ya wenzao. Zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda. Na wazazi wa shule zilizopata fedha, baadhi walipunguza walichokuwa wakitumia wenyewe kwa masomo ya watoto. Kwa tafsiri yangu, hela inafanya kazi pale penye mtu anayeangalia kama mtoto amejua kusoma. Huyo mtu anaweza kuwa mwalimu, mzazi au mzee wa kitongoji, lakini lazima awepo.

Hapo ndipo mchango wako unapopata maana nyingine ambayo mtendaji hakukuambia. Aliyetoa ana mdomo. Kijiji kisichotoa kitu mara nyingi hakiulizi ruzuku ilienda wapi. Kinaona shule ni ya serikali, walimu ni wa serikali, hata choo kikititia ni cha serikali. Kijiji kilichotoa tofali kinataka kujua saruji ilikuwa mifuko mingapi. Mapato na matumizi ya shule yanatakiwa kubandikwa ubaoni na kusomwa kwenye mkutano wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu. Kwa hiyo changia, lakini usichangie kimya kimya.

Nikiwa nimesema hayo, nisikufiche ubaya wa michango, maana historia tunayo. Wakati wa kujenga shule za kata, sekondari ziliongezeka kutoka 1,745 mwaka 2005 hadi 4,102 mwaka 2009, kazi kubwa ikiwa ni nguvu za wananchi. Kuta zilisimama, walimu na maabara vikachelewa miaka. Ilipofika kampeni ya maabara mwaka 2014, kuna maeneo mgambo walipita wakikamata kuku na mbuzi. Uchungu ule haujaisha, na nadhani kwa sehemu ndiyo uliofanya katazo la 2018 lishangiliwe vile. Mchango wa kukamatiwa mbuzi unaleta ukuta, lakini aliyekamatiwa hakanyagi tena kwenye mkutano wa shule.

Na kuna maboma. Ukizunguka mkoa utaona kuta zilizofika lenta zikaachwa, mvua misimu mitatu imezilamba, tofali za chini zimegeuka udongo, mbuzi wanalala ndani. Mara nyingi kisa ni kimoja: kijiji kilianza bila mhandisi wa halmashauri. Wakati fulani serikali ilikuwa inatoa shilingi milioni 12.5 kumalizia boma la darasa, na madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO mwishoni mwa 2021 yalipangiwa milioni 20 kila moja. Lakini boma lisilofuata ramani, lenye msingi mfupi au chumba kidogo kisichotosha watoto 45, halmashauri hailigusi, maana likianguka litawaangukia wao. Kwa hiyo kabla ya tofali la kwanza kufyatuliwa, uliza maswali haya: ramani iko wapi? Mhandisi amekuja kupima? Darasa hili limo kwenye mpango wa halmashauri wa mwaka ujao, au mnategemea huruma? Na kwa kuwa ni Urambo, ningeuliza pia tanuru la kuchomea tofali litakula kuni za wapi, maana miombo yenu mabani yameshaimaliza vya kutosha.

Ningeuliza pia kama darasa ndilo linalohitajika kwanza. Kiwango cha choo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule ya watoto 800, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 36. Nenda kahesabu yaliyopo. Wanakijiji hupenda kujenga darasa kwa sababu mgeni rasmi atakuja kulizindua. Choo hakuna anayekikatia utepe. Binti wa darasa la sita anayeacha kuja shule siku zake za mwezi angekuwa na kura, angechagua choo.

Haya, kenta yako. Ndiyo, inaruhusiwa kabisa, na kwa kweli ni mchango mkubwa kuliko siku zako mbili. Mzee kukanyaga udongo ni kumtia aibu tu. Ila usiende kupakia mchanga kwa maneno ya mdomo. Nenda kwa kamati ya ujenzi, mkubaliane idadi ya tripu na thamani ya tripu moja kwa bei inayotozwa hapo kwenu. Thamani hiyo iingie kwenye makadirio ya ujenzi kama nguvu za wananchi, ili fundi au msambazaji asije akalipwa tena kwa mchanga huohuo. Ujenzi wa shule siku hizi una kamati ya mapokezi pia, wanakijiji watatu wanne wanaosaini kila kinachoingia; kila tripu wasaini, nawe ubaki na nakala. Mchanga utoke mahali ambapo mhandisi amekubali, kwani mchanga wenye udongo unaharibu zege na mwisho wa siku utaambiwa ni wa mzee mwenye kenta. Halafu, kabla hujawasha gari, kubalianeni nani anaweka dizeli.